Chiriku wa Zamu ya Mchana

Kazi yake ilikuwa kutia sauti. Filamu zilikuja na lugha za watu, yeye na wenzake wakazivika Kiswahili, na kwa njia hiyo alishakuwa malkia, mjane, muuguzi, na mama mkwe mkorofi mara nyingi kuliko alivyopenda. Ukipishana naye sokoni humjui, lakini akiuliza tu bei ya nyanya utageuka, kwa maana sauti hiyo unayo nyumbani kwako. Pale studio walimbatiza Chiriku kwa utani, maana nje ya kazi hakuwa na maneno. Mume hakuwa naye, na walioulizia habari hizo aliwajibu kwa kicheko kifupi, wakanyamaza.

Alikuwapo pia Mwalimu. Huyu aliacha chaki kitambo akashika kipaza sauti, na wanaume wote wa maana katika filamu zile walisema kwa koo lake. Mwalimu alirekodi asubuhi, Chiriku mchana. Walikutana koridoni, huyu akitoka na yule akiingia, wakaulizana hali na kuishia hapo. Ila Chiriku akishavaa vipokea sauti, Mwalimu alikuwa humo masikioni, karibu kuliko mume yeyote. Walishaoana humo, wakaachana, wakazeeka pamoja. Na humo humo ndimo alimompendea. Anayetaka kucheka acheke. Wapo waliopenda kwa sababu ya gari.

Basi ikaletwa filamu ya zama za kale, nguo za kuburuta chini na mishumaa kila chumba. Hakimu anampenda msimamizi wa nyumba yake, naye anampenda hakimu, na hakuna anayethubutu kusema. Hakimu ameshachumbiwa binti wa ukoo mkubwa, na neno la baba yake halivunjwi. Mwanzo hadi mwisho ni "Chai iko tayari, bwana" na "Asante." Lakini asante hiyo jinsi Mwalimu alivyoisema! Chiriku aliisikia mara ya kwanza roho ikamuuma. Alimwonea wivu yule mwanamke msimamizi wa kwenye kioo cha filamu, na huku yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anamsemea.

Wivu huo ungepita kama mafua. Usiopita ulikuwa wa binti mgeni pale studio, aliyepewa sauti ya mchumba wa hakimu. Kwa kuwa mchumba na hakimu wanabishana sana, binti alipangwa asubuhi pamoja na Mwalimu, ubavu kwa ubavu. Fundi mitambo hakuwa mwepesi wa kukata vipande vya ziada, kwa hiyo mchana Chiriku alisikia yote: binti anakosea, Mwalimu anacheka, binti anacheka zaidi, kisha chai inamiminwa. Siku moja alikikuta kikombe cha Mwalimu mezani kina alama ya rangi ya mdomo. Alikiosha. Akakisugua mpaka kikakaribia kupoteza maua yake, akijiambia kwamba ni usafi tu.

Wivu ukamharibia sauti, akaanza kusema kama mtu mwenye mafua. Mwishowe akajitia hamnazo, akamuuliza fundi mitambo mbona yeye hajawahi kupangwa na Mwalimu hata siku moja. Fundi alikuwa na waya mdomoni na mawazo kwenye mashine.

"Si mwenyewe aliomba? Tangu zamani. Alisema kila mtu apangwe naye, ila siyo wewe."

Miaka yote hiyo! Chiriku alijinusa kwapa, alijipima mdomo, akakumbuka kila salamu ya koridoni akitafuta alipokosea. Kisha hasira ikampanda. Alisema kipande cha mwisho cha filamu, pale msimamizi anaporudisha funguo na kuondoka, hakirekodi mpaka Mwalimu awe amekaa mbele yake. Kama hampendi, amwambie usoni.

Mwalimu alikuja, akakaa, hakumtazama. Chiriku akasema maneno yake ya kuaga, vizuri, kwa hasira iliyofichwa. Mwalimu alikuwa na sentensi moja tu: "Asante kwa kazi yako." Akafungua kinywa, sauti ikakwama. Wakarudia, ikakwama. Wakarudia tena. Mtu ambaye hakuwahi kukosea neno! Fundi akasema pengine ni waya, akatoka kwenda kutafuta mwingine.

"Ndiyo maana niliomba, dada," Mwalimu akasema, macho kwenye karatasi.

"Uliomba nini?"

"Nikikusikia kwenye mashine, najiambia ni kazi. Nazima, naenda nyumbani. Mama watoto hainuki kitandani, unajua. Namwogesha, namlisha, tunazungumza." Akavua miwani. "Sasa ukiwa umekaa hapa, nikishasema, nitakwendaje nyumbani?"

Furaha ilimjaa Chiriku mpaka akaogopa itaonekana, na hapo hapo wivu ukahama. Ulimwacha binti na kicheko chake, ukaenda kukaa kwa mwanamke asiyeweza kujigeuza kitandani, kwa sababu kuna mikono inayomgeuza. Aliona aibu, aibu kubwa, na wivu haukupungua hata chembe.

Fundi akarudi na waya. Safari hii Mwalimu alisema sentensi yake bila kukwama, na fundi akaisifu. Walipokuwa wanatoka, Chiriku alipiga moyo konde.

"Msalimie mama watoto."

"Zitafika, dada."

Kesho yake alimfuata fundi mitambo, akamwomba asimpange tena na Mwalimu, hata filamu iwe ipi. Fundi akamkazia macho, akauliza kama wamegombana. Chiriku akasema ndiyo, tena vibaya sana.