Kanzu Iliyotiwa Maji Darsait

Nisameheni kwanza kwa mwandiko huu. Niliishia darasa la nane, mkono wangu ni mzito, na herufi zangu hulala upande kama nguo iliyoanikwa penye upepo. Haya nimeyaandika kwa wiki tatu, kidogo kidogo kila jioni. Ninyi mnaochapa jarida letu la vijana, nirekebishieni tahajia, lakini msinipambe. Mliniomba nieleze maisha ya kazi kule Maskati. Nitaeleza yote, hata mahali ambapo ningependa kuparuka.

Niliondoka Mwatate kwa sababu hoteli ya mbugani nilikokuwa nikifua mashuka ilipunguza wafanyakazi. Meneja alitukusanya akauliza, "Kuna mwenye la kusema?" Mimi nilikuwa nalo. Nilitaka kusema kwamba sijawahi kukosa kazini hata siku moja. Nikaangalia viatu vyangu, na jina langu likasomwa la kwanza. Miezi minne baadaye binamu yangu akanitafutia kazi ya udobi Oman, mkataba wa miaka miwili.

Siku ya kuondoka, mama alinisindikiza hadi stendi ya Voi. Alinifunga kifungo cha juu cha shati kama mtoto wa chekechea, akasema, "Huko uongee, Mwakio. Usikae kama jiwe la kusagia."

Nikamwitikia kwa kichwa.

"Unaona sasa!" akasema, na watu wa stendi wakacheka.

Ndani ya ndege nilikaa katikati. Nilishikwa na kiu tangu tulipopaa, lakini niliona haya kumwita mhudumu. Dada mmoja wa Kitui aliyekuwa akirudi kwenye kazi yake ya ndani aliniangalia nikimeza mate, akaniitishia maji mwenyewe. "Kule usipoitisha hupewi," akaniambia. Basi nilikuwa nimeambiwa mara mbili kabla hata sijafika.

Maskati tulishuka adhuhuri. Joto lilinipiga usoni nikadhani ni la injini ya ndege, nikasogea mbali. Likanifuata. Nikasogea tena. Ndipo nikaelewa kwamba ni hali ya hewa.

Duka letu lilikuwa Darsait, mtaa wa maghorofa ya zamani, maduka madogo na gereji. Tulikuwa wawili tu kwenye kazi, mimi na Shaji, Mhindi wa Kerala mwenye umri wa baba yangu mdogo. Mwenye duka, ambaye wote tulimwita mudir, alipita asubuhi na jioni. Tulilala chumba kimoja juu ya duka, mimi kitanda cha juu, Shaji cha chini kwa sababu ya magoti yake.

Shaji ndiye aliyenifundisha kuishi. Alinionyesha kwamba huko duka hufungwa mchana, watu wakalala, likafunguliwa tena jua likipungua. Alinionyesha kanisa lililo jirani, Ruwi, ambako ibada kubwa ni Ijumaa. Alipika wali na mchuzi wa dengu wenye ukwaju, akanipakulia mimi kwanza. Tuliongea kwa Kiarabu cha dukani, Kiingereza kidogo na vidole. Aliniita Mombasa, hata nilipomweleza kwamba mimi si wa Mombasa.

"Mombasa!" alizoea kuniambia nikikandamiza pasi kwa nguvu. "Hiyo ni kanzu ya mtu, si nyoka. Unaiua ya nini?"

Mambo mawili ya kazi ile lazima niyaeleze. La kwanza, mteja wa Maskati hashuki garini. Husimama mbele ya duka akapiga honi, nawe unakimbia nje kuchukua nguo dirishani. Wiki ya kwanza nilidhani barabara nzima inagombana. La pili, nguo ya kupigwa pasi tu, bila kufuliwa, hufungwa uzi mwekundu kwenye kola. Kufunga uzi ilikuwa kazi yangu. Shaji hakuuliza maswali. Nguo isiyo na uzi mwekundu aliitia mashine.

Mwezi wa pili alikuja mteja aliyeshuka garini. Alikuwa mama mtu mzima wa Kiomani, na alinikuta nikizungumza na mama yangu kwenye simu.

"We mtoto, Kiswahili hicho umekitoa wapi?"

Nusura niangushe simu. "Kenya, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Mie nimezaliwa Unguja. Watoto wangu hapa ukiwasemesha wanakujibu Kiarabu. Leo nimepata wa kusema naye."

Huyo ndiye Bibi Zuwena. Alikaa Bawshar, mbali na sisi, ambako kuna madobi wengi, lakini tangu siku ile alileta nguo zake Darsait kila Jumanne, na vileja, vile vibiskuti vya Kizanzibari, kwenye kopo. Mimi nilijibu "ndiyo, bibi" na "hapana, bibi", naye akasema hayo mengine yote. Ilimtosha.

Jumanne moja alikuja na kanzu moja tu, ameibeba mikononi kama mtoto mchanga. Kanzu ya Kiomani ina kishada cha nyuzi shingoni, ambacho mwenyewe hukichovya manukato kabla ya kutoka.

"Hii ya marehemu mume wangu," akasema. "Mjukuu wangu ataivaa siku ya kufunga ndoa yake. Nnataka pasi tu, tena ya mbali. Maji usitie kabisa, mwanangu. Kishada hiki alikichovya kwa mkono wake Ijumaa ya mwisho. Harufu yake bado imo. Umenisikia?"

"Nimesikia, bibi."

Akaondoka. Nilikuwa nimeshika uzi mwekundu mkononi wakati honi ilipolia nje, honi ya mtu aliyekasirika, bila kuachia. Nikaiweka kanzu juu ya kapu nikakimbia. Yule bwana alinipa mzigo wa nguo na lawama ndefu juu ya kifungo kilichopotea. Niliporudi ndani, uzi ulikuwa bado mkononi mwangu na kapu lilikuwa tupu.

Shaji alikuwa ameshaiwasha mashine, anakunja mashuka huku akiimba. Niliinama nikatazama kwenye kioo cha mlango wake. Maji yalikuwa ndiyo kwanza yanaingia. Kishada kilikuwa kimegandana na kioo upande wa juu, bado kikavu. Swichi ilikuwa karibu na mkono wangu. Nikawaza: nikizima, Shaji ataniuliza uzi uko wapi, nami nitamjibu nini? Nilipokuwa nikiwaza hivyo, pipa likazunguka na kishada kikalowa.

Nikautia uzi mfukoni, nikaenda kumsaidia kukunja mashuka.

Shaji aliinyoosha kanzu ile vizuri kuliko nguo yoyote niliyoiona dukani mwetu. Bibi Zuwena alipokuja Alhamisi, Shaji alimkabidhi mwenyewe, amefurahi. Bibi akakiinua kishada puani. Akakinusa tena. Uso wake ukawa kama wa mtu aliyeitwa kwa jina, akageuka asione mtu.

Kisha akamgeukia Shaji kwa Kiarabu, mbele ya mudir na wateja wawili. Alimwambia hana akili wala huruma, na kwamba amemzika mume wake mara ya pili. Shaji alisimama mikono wazi, akirudia, "Safi, mama. Safi kabisa." Hakujua kosa lake ni nini.

Bibi akanigeukia mimi, kwa Kiswahili, sauti imeshuka. "Mwanangu, hukumwambia huyu?"

Mle dukani hakuna mwingine aliyejua Kiswahili.

"Nilimwambia, bibi."

Bibi alipoondoka, Shaji akaniuliza, "Mombasa, mama amekuuliza nini?"

"Hakuna kitu."

Akatikisa kichwa upande huu na upande huu, ule mtikiso wao ambao mpaka leo sijui ni ndiyo au hapana.

Wiki ile ile mudir alimhamishia Wattaya, nyuma ya maduka ya magari, ambako alikuwa na uwanja wa kuoshea mazulia. Alisema Shaji hafai mbele ya wateja. Alikuwa amesimama mbele ya wateja miaka kumi na miwili. Sasa alishinda juani na miguu majini, akirudi jioni vidole vya miguu vimekunjamana, vyeupe. Na bado alipika. Na bado alinipakulia kwanza.

Bibi Zuwena hakuacha kuniletea vileja. Sikuweza kuvila. Nilivipandisha chumbani, Shaji akavila akisifu. "Vizuri sana! Nani amepika?"

"Nimenunua," nikasema.

Mwezi wa Ramadhani ulipoisha, mkataba wa Shaji nao ulikwisha, na mudir hakuuongeza. Siku ya kuondoka aliniachia sufuria yake, na nyuma ya tikiti ya nguo akaniandikia anwani ya kwao. "Uje ule samaki wa kweli," akasema. "Na huko uje na mdomo, mke wangu hapendi wageni mabubu." Niliahidi kumteremshia sanduku hadi kwenye teksi. Honi ikalia, nikakimbilia mteja. Niliporudi teksi ilikuwa imekwenda. Safari hii honi haikunikatiza, iliniokoa nisimtazame machoni. Niliishukuru, na hilo linaniuma kuliko mengine.

Wiki ya mwisho ya mkataba wangu mwenyewe nilipanda basi hadi Bawshar, na anwani niliyoinakili kutoka daftari la duka. Kule hakuna atembeaye kwa miguu. Ni majumba makubwa na kuta ndefu, na magari yalipunguza mwendo kunitazama. Nilisimama mbele ya geti la Bibi Zuwena mpaka shati likanigandama mgongoni, kisha nikabonyeza kengele.

"Mwanangu! Umekuja kuniaga?" Akaniweka barazani, akanimiminia kahawa.

"Bibi, mimi sikumwambia."

"Hukumwambia nani?"

"Shaji. Ile kanzu. Nilisahau kufunga uzi. Halafu niliiona ndani ya mashine, kishada bado kikavu, nikanyamaza."

Akaweka kikombe chini. Nilidhani atanifukuza, na ingekuwa nafuu. Akaizungusha pete yake kidoleni.

"Manukato yale nlikwenda kuyanunua tena sokoni Mutrah," akasema. "Chupa ile ile. Nkakichovya. Siyo. Kumbe lilikuwa jasho lake. Mjukuu akaivaa hivyo hivyo, nami nshalia, nshamaliza." Kisha akaniangalia. "Lakini yule maskini nilimtukana mbele za watu, na hana kosa. Umenibebesha dhambi ya mtu, mwanangu, nami nimetembea nayo sijui. Yuko wapi nimuombe radhi?"

"Ameshaondoka, bibi. Amerudi kwao, Kerala."

"Amerudi." Akafunika uso kwa ncha ya mtandio. "Na wewe ulikuwa na mdomo wakati wote huu."

Nilipoinuka alinishika mkono, si kwa upole. "Mwandikie. Mwambie Zuwena amekosa, anaomba amwie radhi. Uniandikie kama nilivyosema, usipunguze." Hakunipa vileja siku ile.

Nilirudi Mwatate na sufuria ndani ya sanduku. Mama ameipenda, anasema haiunguzi. Kila akipika ndani yake ananiuliza aliyenipa ni mtu wa namna gani, nami sasa namweleza. Amesikia yote. Alisema tu, "Nilikwambia nini stendi?"

Mnataka kujua nilichojifunza. Kupiga pasi kola vizuri. Kula wali kwa mkono bila kuchafua kiganja. Na kwamba watu waliniita mpole miaka yote, nami nikapenda jina hilo, na kumbe upole wangu unaweza kumweka mtu mwingine juani.

Barua ya Shaji niliiandika kwa Kiingereza changu cha shule ya msingi, maneno ya bibi kwanza, yangu chini yake. Niliipeleka posta mwenyewe. Huu ni mwezi wa tano tangu hapo na hajajibu. Pengine haikufika. Pengine ilifika, na kabla ya kuisoma alikuwa anamkumbuka Mombasa kama rafiki.

Kwa hiyo nawaomba mnaosoma hapa mniandikie kupitia jarida hili. Niambieni bila kunihurumia: nimwandikie tena, au nimwache? Nitajibu kila barua. Nitajibu polepole, lakini nitajibu.