Masika na maharagi ya noyau

Bandugu, leo nilitaka kumutoa Masika mu nyumba yetu mimi mwenyewe!

Masika ni cousine yangu, ndugu ya jamaa. Tangu vita ilimufukuza kule Mabalako, analala mu kitanda yangu hapa Butembo, na Mama anamuita "mutoto yangu." Sawa. Nilivumilia.

Lakini leo ku masomo, prof alituambia kila mutu atengeneze noyau ya plomb, ni kusema kiini ya atome ya madini ya risasi. Maharagi nyekundu ni protons, nyeupe ni neutrons, tuzishikanishe na bugali.

Yangu ilikuwa muzuri! Mviringo kabisa, nyekundu na nyeupe hesabu sawasawa.

Prof akaiangalia, akasema: "Kavira, hii yako itapasuka."

Akafika kwa Masika. Yake imepindapinda, imejaa nyeupe, mbaya vile. Eti ndiyo ya kweli!

"Masika, elezea benzako."

Naye, na ile sauti yake ya pole: "Protons zinasukumana. Zikiwa mingi mu noyau moja, neutrons za hesabu sawasawa nazo hazitoshi. Lazima tuongeze, juu neutrons zinashika bila kusukuma. Ni kama kwetu: mimi na Kavira tukigombania bulangeti, Mama anaikala katikati."

Classe yote ikacheka. Prof akapiga makofi.

Mama gani? MAMA YANGU, bandugu!

Sasa tuko tunakula sombe. Nimemugeuzia mugongo, naandika hii. Nyinyi mungefanya nini?

Ngojeni kwanza.

Mama amevuta kiti yake. Anaikala katikati yetu.