Mbwa wa Karakana na Mbwa wa Wafugaji

Mwaka tuliomzika mama, baba akiwa ametangulia, shida yetu kubwa ilikuwa ngiri. Matrekta ya mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa yamefyeka vichaka vya bondeni, na wanyama waliokaa humo walihamia upande wetu wa Masakta. Shamba letu la mahindi lilikuwa la mwisho kabla ya pori. Ngiri walikuja mchana kweupe, wakaangusha mabua, wakapiga magoti na kula huku wakitutazama.

Mimi ndiye dada yao mkubwa. Niliacha shule nikiwa darasa la sita ili nibaki na wadogo zangu watatu. Baada ya matanga, baba mdogo alikuja kutoka Tlawi akawagawa kwa maneno, wenyewe wakiwa wamekaa pale wanasikia: mmoja angekwenda naye, mmoja kwa shangazi karibu na Haydom, na yule mdogo kabisa angetafutiwa mahali.

"Baba, tuache mpaka mavuno," nilimwambia nje nilipomsindikiza, wadogo zangu wasisikie.

"Mavuno gani? Ngiri wameshaanza kuvuna."

"Wakimaliza shamba, uje uwachukue. Tukipata mahindi, uwaache."

Alicheka kidogo, akakubali. Nadhani alikubali kwa sababu hakuwa na wasiwasi wa kushindwa.

Kijijini kwetu ngiri walifukuzwa kwa msako, na kila nyumba ilitoa mwanamume mmoja. Sisi hatukuwa naye. Nilimwendea balozi wa nyumba kumi, akafikiri, akasema utaratibu wa zamani upo: nyumba isiyo na mwanamume hutoa mbwa, na mbwa huyo huhesabiwa kama mtu. Wasakaji watalizungukia shamba lake kama la wengine, na nyama wakipata, nyumba yake inapewa fungu. "Lakini awe mbwa wa kuwinda," alisema. "Usituletee wa kulamba sufuria."

Kulikuwa na mbwa wawili wa kuchagua. Wa kwanza alikuwa wa fundi wa karakana kwenye mashamba ya ngano, aliyekuwa anahamishwa na hakutaka kumwacha ovyo. Alikuwa dume kubwa lenye manyoya marefu, mchanganyiko wa mbwa wa kizungu, na fundi aliapa kwamba babu zake walikuwa wawindaji. Wa pili alikuwa jike la mama mmoja wa wafugaji wa tambarare, ambaye nilizoea kumpelekea mabua kwa ajili ya ndama wake. Wote wawili walinikubalia nikae na mbwa kwanza, ndipo niseme.

Nilianza na wa karakana. Siku aliyofika, wadogo zangu walilala fofofo kwa mara ya kwanza tangu msiba, kwa kuwa alijilaza mlangoni akauziba wote. Nilipokuwa nawasha moto asubuhi, alikuja akaweka kichwa chake juu ya miguu yangu. Kilikuwa kizito na cha moto. Niliacha kupuliza moto nikakaa tu. Tangu mama afariki, watu walikuwa wakinishika mkono kunipa pole na kuuachia.

Ngiri walipokuja, alibweka mpaka mlima Hanang ukaitikia. Akawakimbiza hadi mwisho wa shamba, akasimama, akarudi kupongezwa. Nao wakarudi nyuma yake. Kisha trekta likapita barabarani, naye akaliacha shamba na kulifuata, maana maisha yake yote chakula kilikuja na mlio wa injini. Mdogo wangu wa kiume alimkuta mbali, amekaa kando ya trekta, anamsubiri dereva afungue chakula chake.

Nikamrudisha kwa fundi, nikaenda kwa yule mama. Mbwa wake alikuwa mwekundu, wa manyoya mafupi, mbavu zinahesabika.

"Shikamoo mama. Mbona mwembamba hivi?"

"Marahaba. Na wewe je? Unene ulishakamata nini?" Akanipa kamba. "Usimshikeshike. Huyu si mtoto."

Hakubweka hata mara moja. Alikula kidogo na kulala nje, mbali na mlango. Ngiri walipoingia shambani, alipita chini chini kati ya mabua, na tulichosikia ni kelele za ngiri tu. Aliwafuata hadi ndani ya pori, akarudi jua linazama, sikio limechanika. Nilipotaka kumwosha, alisogea pembeni.

"Huyu hata mkia hatikisi," alisema mdogo wangu wa kiume. "Turudishie yule."

"Tunabaki na huyu."

"Kwa nini?"

Sikuwaambia. Kama ningewaambia kwamba kubaki kwao pamoja kulitegemea mbwa, wasingepata usingizi. Yule mdogo kabisa alilia, na wale wakubwa hawakunisemesha siku nzima. Jioni nilisikia lori la mashamba likipita, nikajua fundi amehama nalo.

Tangu hapo siku za msako wanaume walipita kwetu alfajiri. "Hodi. Dada, mbwa yupo?" Nilijibu yupo, naye akatoka nao bila kuitwa. Hakuna aliyeuliza tumelalaje. Wakirudi waliniletea fungu letu, mara nyingine paja, wakaliweka juu ya jiwe la kusagia na kuondoka wakiendelea na masimulizi yao ya pori.

Baba mdogo alikuja wakati tunapukuchua. Alipanda darini mwenyewe, akakaa huko kitambo, akashuka anajipangusa vumbi la mahindi.

"Nani alikulindia?"

"Mbwa."

"Mbwa tu?"

"Na mimi."

Alikula ugali wetu, akanawa, akawaangalia watoto mmoja mmoja. "Basi, wakae," alisema. Aliniuliza kama chumvi ipo, nikamwambia ipo, akashika njia ya Tlawi.

Wadogo zangu walikuwa nyuma ya nyumba wanarushiana magunzi na kucheka. Hawakujua kwamba kuna jambo lolote limepita. Nilitamani kumwambia mtu. Mbwa alikuwa ameketi mpakani mwa shamba, amenipa mgongo, anatazama pori. Nikavuta gunia, nikaendelea kupukuchua.