Viazi Nilivyoviondoa Motoni

Siku yangu ya kwanza kwenye kambi ya wageni nilipewa gunia la viazi na kisu kisichokata. Mpishi mkuu, mwanamume mfupi wa sauti kubwa, akaniambia, "Nduku, nyama ni yangu. Wewe ni wa vya kando. Niko na wiki mbili za kukuangalia. Ukishindwa, rudi Noonkopir ukafulie watu nguo." Huko ndiko nilikotoka, mikono imechubuka kwa sabuni na watoto wawili nimewaachia mama yangu. Kurudi sikutaka hata kwa dawa.

Vya kando ni vile vyakula vinavyokaa karibu na nyama: kachumbari, kabeji, viazi, mahindi. Watu huvidharau. Nyinyi mnaopakia hema kwenye gari kila Ijumaa, nisikilizeni: nyama itachomwa na yeyote mwenye moto na subira, lakini kambi hukumbukwa kwa vya kando. Nimevipika Isinya mpaka Kajiado, na bado sijaona wa kunibishia.

Kachumbari, osha kitunguu kwa chumvi mpaka ukali utoke, na nyanya ukate mwisho kabisa, wageni wakianza kunawa mikono. Kabeji haitaki kufunikwa. Sufuria iwe moto sana, igeuze mara chache, iepue ikiwa bado ngumu kidogo. Viazi vidogo vifukie na maganda yake kwenye makaa yaliyolala, yaani yale yaliyokwisha kufunikwa na majivu. Makaa mekundu yatakuunguzia nje na ndani kubaki kubichi. Hayo nilijifunza kwa kuungua vidole, hakuna aliyenifundisha.

Kambi yetu ilikuwa kwenye shamba la mzee mmoja wa Kimaasai, mbele ya Isinya, karibu na silanga, yaani bwawa la kunyweshea ng'ombe wake. Kila msimu meneja wa kambi alimwalika mzee pamoja na wazee wa rika lake, wakachinjiwa mbuzi, na baada ya kula mzee akatoa neno kwamba hema zipigwe. Hapakuwa na karatasi. Mzee akikataa, hakuna kambi, na sisi sote hatuna kazi.

Mwaka ule karamu iliangukia wiki yangu ya pili. Asubuhi mke wa mzee, ambaye sote tulimwita Yeyo, yaani mama, alituletea kibuyu cha maziwa ya chai. Maziwa mazito, yenye harufu nzuri ya moshi. Nikajiambia, haya si ya chai, haya ni ya heshima. Nikachemsha viazi, nikaviponda, nikamimina maziwa yote mle na siagi juu. Vikawa laini mno. Mpishi mkuu akaonja na kwa mara ya kwanza hakunitukana.

Yeyo alipopita kuchukua kibuyu chake akauliza, "Chai ilikuwa nzuri?"

"Sikupika chai, Yeyo. Maziwa nimeyatia kwenye viazi vya wazee," nikasema kwa madaha.

Aliangalia mbuzi aliyekuwa akichomwa. "Sisi hatuchanganyi. Siku ya maziwa ni ya maziwa, siku ya nyama ni ya nyama."

Loo! Mpishi mkuu akanivuta kando. "Wewe funga mdomo. Vimepondwa, nani ataona? Ukiongea, leo leo unaenda kwenu."

Nilimwogopa, sitadanganya. Niliwaza watoto wangu na yale mabeseni ya nguo. Lakini ningempaje mtu chakula ambacho angekitema kama angejua kilicho ndani? Nikaepua sufuria, nikaiweka mbali, nikaenda mbele ya wazee.

"Mzee, nisamehe. Viazi nilivipika na maziwa, sikujua mila yenu. Nimeviondoa."

Meneja wa kambi akashika kichwa. Mzee akanigeukia.

"Nani amekutuma useme?"

"Hakuna, mzee. Kosa ni langu."

"Vingine vitachukua muda gani?"

"Nusu saa."

"Basi nyama ingoje," akawaambia wenzake. "Sisi tuongee mambo ya ng'ombe."

Nilifukia viazi vidogo kwenye makaa yaliyolala, nikavipangusa majivu na kuvipasua, nikatia chumvi na dania. Wazee walikula wakaomba tena. Mzee aliponawa mikono akamwambia meneja, "Pigeni hema. Lakini huyu mama asitoke jikoni." Mpishi mkuu alininunia siku tatu, halafu siku ya nne akaniomba nimwonyeshe vile viazi vya majivuni.

Vile vya maziwa tulikula sisi wafanyakazi, na vilikuwa vitamu, wacha niseme ukweli. Yeyo alisimama akitutazama.

"Ni vitamu?"

"Sana, Yeyo."

"Siku moja nami," akasema, akaenda zake na kibuyu kitupu.

Miaka ikapita, mameneja wakabadilika, nami nikawa mpishi mkuu. Sasa nimestaafu, magoti yamekataa kuinama kwenye mafiga. Kila niliyemfundisha nilimwambia aulize kwanza wageni wanakula nini na nini hawali, ndipo awashe moto. Wengine walinicheka. Shauri yao.

Siku yangu ya mwisho kazini nilimwona Yeyo akija polepole kwa fimbo, amezeeka sana sasa, kibuyu begani.

"Takwenya, Yeyo," nikamsalimu.

"Iko," akaitikia, akanikabidhi kibuyu. "Leo sijaonja nyama, na sitaonja. Ponda viazi."

Nikaviponda kwa mikono yangu, machozi yakinitoka. Alikula sahani nzima, akaifuta kwa kidole, akaniangalia kwa ukali.

"Umenichelewesha," akasema.