Mama Okidi, fundi anayeokoa maua yaliyozamishwa kwa mapenzi

Asubuhi bado mbichi, na Mama Okidi ameshainama mbele ya dirisha la sebule yake. Anapitisha makali ya mkasi kwenye moto wa kibiriti, anayaacha yapoe, kisha anakata mzizi uliooza wa ua la okidi.

"Mzizi mzima ni mgumu," anasema bila kuinua macho. "Ukikauka huwa wa kijivu, ukilowa wa kijani. Huu wa kahawia umeshakwenda na maji."

Jina hilo alipewa na majirani. Zamani alikuwa mfagizi wa ofisi, na okidi yake ya kwanza aliiokota kwenye pipa la taka. Ilipochanua, mkuu wa ofisi akaitaka.

"Nikamwambia, bosi, mtoto ni wa aliyemlea!" anacheka.

Leo watu humletea maua yaliyo mahututi. Lililomnyima usingizi zaidi lililetwa na dereva mstaafu aliyefiwa na mkewe. Okidi ilikuwa ya marehemu. Kila asubuhi mzee aliimwagia maji, kama alivyozoea kumpelekea mkewe chai.

"Mwanangu, nimeiua?" aliuliza.

"Umeizamisha, baba. Mizizi inataka kupumua kama wewe na mimi. Umebaki mmoja tu mzima. Siahidi kitu."

Alikata yote iliyooza, akaiacha okidi ikauke kivulini, akaipanda kwenye kopo angavu lenye matundu, katikati ya vipande vya magome ya miti. Hapo ikabaki kazi ya kungoja, na ndiyo iliyokuwa ngumu. Majani yalisinyaa, moja likadondoka. Mzee akawa anapiga simu: "Usiinyime maji, mama!" Naye akakaza moyo.

Miezi ikapita. Siku moja ncha ya kijani, ndogo kama punje ya mchele, ikachungulia shinani. Alipompigia mzee kumweleza, alisikia upande wa pili mtu anapenga kamasi.

Sasa Mama Okidi anapanga kufungua darasa hapo sebuleni, "watu wajifunze kabla ya kuniletea maiti." Mwanafunzi wa kwanza ameshapatikana. Dereva mstaafu ananyanyua kopo kwa mikono miwili, analipima taratibu.

"Bado zito," anasema. "Maji yamo."

"Kwa hiyo?"

Mzee anashusha pumzi, analirudisha dirishani.

"Kwa hiyo leo simpi. Namwacha apumzike."