Nati Mpya ya Gurudumu la Nyuma

Fundi wa pikipiki huipuliza kila washa, kile kipete cha chuma, kabla ya kuipachika kwenye ekseli ya gurudumu, kama anayepoza uji wa mtoto. Akikaza nati, huuma ulimi. Leo pikipiki ni ya bintiye, mkunga aliyepangiwa zahanati ya mbali.

"Baba, nati ya zamani si bado inashika?"

"Inashika hapa nyumbani, mama. Ikilegea huko porini, nani atakuokota?"

Akaitupa ile ya zamani, maana meno yake ya ndani yalishalika, akachukua mpya. Lakini spana ikamponyoka. Siku hizi vidole vyake havikazi kama zamani. Binti akachuchumaa, akaiokota spana, akaishika pamoja naye, wakakaza. Fundi akalizungusha gurudumu, akatega sikio.

"Haya, nenda salama," akasema, ila mkono wake haukuiachia siti.