Chupa Mbili za Shemeji

Kazi yangu katika miaka ile ya hamsini ilikuwa kutazama damu za watu. Nilikuwa msaidizi wa maabara katika hospitali ya mjini Unguja, kwenye chumba chenye dirisha moja, darubini moja, na jokofu la mafuta ya taa lililopoza pale lilipojisikia. Mtaani kwetu Kikwajuni waliniita Bwana Damu. Si kwa heshima sana. Akina mama walinitumia kuwatishia watoto wasiotaka kula.

Damu ukiitia katika kichupa chembamba pamoja na dawa ya kuizuia isigande, ukaiacha asubuhi nzima bila kuitikisa, hujipanga yenyewe. Chini hukaa chembe nyekundu, ambazo kazi yake ni kuchukua hewa mapafuni na kuipeleka mwilini. Juu yake pana utando mwembamba wa kijivu, na humo mna chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, pamoja na vijichembe vidogo mno vinavyoziba jeraha. Juu kabisa ni maji ya manjano, rangi ya samli iliyoyeyuka. Wageni waliopita maabara niliwaonesha kichupa hicho, na wengi walisikitika. Walitarajia kitu kikubwa zaidi, hasa wale ambao siku haiwapiti bila kutaja ukoo wao. Damu za mabwana wenye mashamba na za wachukuzi wa bandarini zilijipanga sawasawa, na hakuna hata mmoja aliyenishukuru kwa habari hiyo.

Tofauti iliyopo ni nyingine. Damu zina mafungu manne, A, B, AB na O, na fungu mtu hulirithi kwa wazazi wake, lakini halijali cheo cha ukoo wala rangi. Mtu akipewa damu ya fungu lisilomfaa, chembe hushikana mabonge na mtu anaweza kufa. Kwa hivyo, kabla ya kumpa mtu damu, nilichanganya tone la huyu na la yule juu ya kigae cheupe, nikangoja kuona kama zitashikana. Mwenye O humpa kila mtu, lakini yeye hupokea kwa O mwenzake tu.

Msichana niliyemtaka alikuwa O. Sikulijua hilo nilipoanza kumtaka.

Nyumba yao ilikuwa ya tatu kutoka kwetu. Kwa miaka miwili nilipita mbele ya baraza yao mara nne kwa siku nikimwamkia bibi yake, na kila siku nikiahirisha kumwambia mama yangu apeleke posa. Nilisema nangoja kupandishwa kazi. Ukweli nilikuwa mwoga. Nilipokuwa nikingoja, ukuta wao wa uani ukaanguka kwa mvua za masika, akaja fundi mwashi, Mtumbatu, kuujenga upya. Aliujenga siku tisa. Siku ya kumi alituma wazee na posa, ikakubaliwa. Ukuta wenyewe ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo.

Miezi sita kabla ya harusi yao, msichana aliteleza uani penye maji, akaangukia ukingo wa kisima kwa ubavu wa kushoto. Bandama lake lilikuwa limevimba kwa homa za malaria za mara kwa mara, na bandama la namna hiyo hupasuka kwa kitu kidogo. Walimleta hospitali midomo imekuwa myeupe. Daktari alisema atampasua saa ile ile, lakini lazima ipatikane damu.

Nikawapima jamaa zake. Baba yake alikuwa A. Ami yake mkubwa A. Ami yake mdogo alikumbuka ghafla kwamba kuna mtu anamngoja forodhani. Nikajipima mwenyewe, nikatoka B. Nikajipima mara ya pili, nikidhani pengine dawa imeharibika. B.

Fundi alifika na chokaa miguuni. Alikuwa O. Nikachanganya tone lake na la msichana juu ya kigae, nikakitikisa kidogo kidogo kama tulivyofundishwa. Hazikushikana. Nilikitazama kigae kile zaidi ya ilivyohitajika, na kwa dakika nzima nilitamani zishikane. Yaani nilitamani msichana niliyempenda akose damu, kuliko apone kwa damu ya mwanamume yule. Dakika ikapita, nami nikaona aibu, nikamlaza fundi kitandani.

Alinyoosha mkono, akaiangalia chupa ikijaa, akauliza neno moja tu.

"Itatosha?"

Ilitosha. Msichana alipasuliwa, akarudi kwao baada ya wiki tatu, mwembamba na mwenye hamu kubwa ya kula. Hapo ndipo bibi yake alipoanza kufikiri.

Baba wa msichana aliniita barazani siku ya Ijumaa baada ya sala. Bibi alikuwa amekaa juu ya mkeka, anachambua mchele, na hakuinua uso.

"Mwanamke akimnyonyesha mtoto wa mwenziwe, wale watoto si wanakuwa ndugu?" akauliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Wanaoana?"

"Hawaoani."

"Na maziwa yanatoka wapi? Si damu hiyo hiyo iliyosafishwa kifuani?" Akatupa jiwe la mchele njiani. "Basi huyu hakupewa maziwa. Kapewa damu yenyewe, chupa nzima. Mie sitaki mjukuu wangu aolewe na kaka yake."

Baba yake alisema pengine aulizwe mtu mwenye elimu, msikitini. Bibi akasema mambo ya ndani ya mwili wa binti hayapelekwi mbele ya wanaume wa msikitini, na kama baba mtu hana haya, yeye anayo. Pakaishia hapo. Ndipo mzee aliponigeukia mimi.

"Mwanangu, wewe ndiye unayejua damu. Hii aliyopewa inamtoka, au ndiyo imeshakuwa yake?"

Nilijua jibu. Chembe nyekundu huishi kiasi cha miezi minne, kisha hufa, na mwili hutengeneza nyingine badala yake. Mpaka siku ya harusi isingebaki hata moja ya fundi. Nilijua pia, kama ajuavyo kila mtu aliyekaa chuo cha Kurani na kusikiliza, kwamba hukumu ya kunyonya ni ya mtoto mchanga aliyenyonya, si ya msichana mzima aliyepasuka bandama. Maneno kumi yangetosha.

"Damu ikishaingia, Ami," nikasema, "imeingia."

Hakuna neno la uongo humo. Nimelipima mara nyingi.

Siku ya pili yake fundi alikuja maabara. Alisimama dirishani, nje, kwa sababu hakutaka kuchafua sakafu kwa viatu vyake. Aliniamini, hilo ndilo lililokuwa baya.

"Nimekuja kukuuliza wewe kwa kuwa umesoma. Ni kweli kuwa mie na yeye sasa tumeshakuwa ndugu?"

Nilikuwa na kichupa cha damu mkononi, imeshajipanga. Ningeweza kumwonesha. Nilifuta kigae ambacho kilikuwa kimeshafutwa.

"Mambo ya ndoa waulize wenye dini," nikasema. "Mie napima tu."

Akaitikia kwa kichwa. Hakuwa mtu wa kubishana na wazee, na hakutaka kuonekana anamwania kwa nguvu mwanamke aliyeambiwa ni dada yake. Jioni alikwenda kwa bibi, akamwambia: "Basi nshapata dada. Alhamdulillahi." Wazee walirudisha posa. Wiki mbili baadaye mama yangu alipeleka ya kwangu, maana woga wangu wote ulikuwa umeniondoka kwa mara moja.

Msichana aliulizwa, akakubali. Sikumuuliza kama alikuwa anakubali kwa furaha. Katika harusi yetu, kaka mpya wa bibi harusi ndiye aliyesimamia masufuria ya pilau tangu alfajiri, macho mekundu kwa moshi. Nilipokwenda kumshukuru alinikumbatia.

"Mtunze dada yangu, shemeji," akasema.

Sikuwa nimeyafikiria yaliyofuata. Mtu akiwa kaka, ana haki zake, na yule hakuzidharau hata moja. Alikuja kila Ijumaa. Alitutengenezea jiko, akatupaka chokaa vyumba vyote viwili, akaziba ufa ambao mimi nilikuwa nikiutazama kwa mwaka mzima. Mke wangu, aliyejitanda mpaka mbele ya binamu zangu, alikaa mbele yake kichwa wazi, nywele anazisuka, wakicheka habari za watu wa Kikwajuni. Nilirudi kutoka kazini nikawakuta hivyo, na wote wawili wakafurahi kuniona.

Nilitaka kumkataza. Usiku nilitunga maneno. Lakini ili niseme kwamba mtu huyu si maharimu wake, si ndugu wa kukaliwa mbele yake kichwa wazi, ingenibidi niseme nimejua tangu lini. Kwa hivyo nilikaa mkekani nikanywa chai pamoja na mwanamume asiye ndugu wa mke wangu, anayemtazama mke wangu nywele, nami nikamsogezea sukari. Sidhani kama aliwahi kumtazama vibaya. Nilimchunguza kwa miaka mitatu na sikumpata na kosa, jambo lililoniudhi kuliko kama ningempata.

Yeye hakuoa. Bibi alimtafutia wasichana, kila mara akasema mwakani.

Mwaka wa tatu mke wangu alijifungua mtoto wa kike, asubuhi, salama. Nusu saa baadaye damu ikaanza kumtoka na haikusimama. Mkunga alinijia maabara mwenyewe, na nilipomwona uso niliinuka. Nilifungua jokofu. Mlikuwa na chupa moja tu, ya A. Nami ni B, na nilikuwa B tangu zamani.

Nilichukua gari ya hospitali mpaka Chukwani, fundi alikokuwa akijenga nyumba ya mtu. Alikuwa juu ya jukwaa na mwiko mkononi. Nilisema, "Dada yako." Ndivyo nilivyosema, kwa ulimi wangu. Akaruka chini, hata mikono hakunawa.

Nilimlaza kitanda kile kile. Nilipopitisha sindano niliukosa mshipa mara ya kwanza, na yeye ndiye aliyeniambia nitulie. Nikafungua, damu ikaanza kushuka chupani, nami nikajua kwamba siwezi kuichukua mara ya pili kwa uongo ule ule. Nilijua pia kwamba nikisema sasa, anaweza kuing'oa sindano akaenda zake, na angekuwa na haki. Kwa hivyo nilingoja chupa ijae. Sijisifu kwa hilo.

"Itatosha?" akauliza.

"Inshallah." Nikatoa sindano, nikambana pamba kiwikoni, nikaishika chupa kwa mikono miwili. "Damu haifanyi udugu," nikasema. "Ile ya kwanza ilikwisha mwilini mwake kwa miezi minne. Nlijua siku ile uliyokuja dirishani."

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anautazama mkono wake.

"Ulijua."

"Nlijua."

 Akaitazama chupa, iliyokuwa bado na joto lake.

"Sasa unangoja nini? Ipeleke."

Nikaipeleka. Nilichanganya matone juu ya kigae, hayakushikana, na safari hii nilimshukuru Mungu kwa sauti. Damu ilimwingia mke wangu tone kwa tone, na kabla ya adhuhuri midomo yake ilirudi rangi. Niliporudi kitandani kule fundi alikuwa ameshaondoka. Chai ya sukari nyingi tunayowapa waliotoa damu ilikuwa imepoa bila kuguswa, na juu ya shuka palikuwa na alama ya kiganja, nyeupe, ya chokaa.

Mke wangu sikumwambia kitu. Nilijiambia bado mgonjwa.

Siku ya saba ya mtoto, mke wangu alikuwa amelala chumbani kwetu, kichwa wazi kwa joto, na bibi yake kando anampepea mtoto. Tukasikia hodi. Mke wangu aliijua sauti.

"Karibu, kaka! Pita uje umwone mwanao!"

Hakupita. Kwa miaka mitatu hakuwahi kusimama nje ya mlango ule.

"Bwana," aliniita kutoka barazani. "Mwambie mkeo ajitande, kisha ntaingia."

Mke wangu akacheka, akidhani anataniwa. Kisha akajiinua kwa kiwiko. Alikuwa hajawahi kumsikia akisema "mkeo". Siku zote alisema dada.

"Kaka ana nini leo?"

Nilitungua kanga msumarini, nikampa. Hakuipokea. Aliitazama kanga, akanitazama mimi.

"Umemwambia nini?"

Nikamweleza yote, mbele ya bibi yake, kwa sauti ndogo, kuanzia barazani siku ya Ijumaa mpaka chupa ya pili. Bibi aliacha kupepea. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikata. Alipohakikisha nimemaliza, aliichukua kanga mkononi mwangu, akajitanda taratibu mpaka kwenye paji la uso.

"Mwambie apite," akasema. "Na wewe kaa nje."

Nikatoka. Tulipishana mlangoni. Alinipa mkono, akaniuliza habari za kazi.